Simu ya Habari Njema

Janet Kyalo aligundua kosa lake Jumamosi asubuhi, akiwa amesimama katika jiko la nyumba moja ya zamani nyuma ya Ndia Kuu, viatu mkononi kwa sababu sakafu nzima ilikuwa maji.

Ilikuwa Siku ya Jamii. Chuo kilikuwa kimefungua lango kwa majirani, na wanafunzi walikuwa wametawanyika mitaani kutoa huduma bila malipo. Wa ususi walikuwa uani wakisuka nywele za akina mama, wa umeme wakikagua nyaya kuukuu katika nyumba za wazee, na wa bomba wakizunguka na visanduku vyao vya vifaa kuziba mifereji iliyovuja. Baada ya swala ya adhuhuri watu wote wangekusanyika uani kwa utoaji wa tuzo. Janet, msimamizi wa wanafunzi, ndiye aliyeibeba siku hiyo kichwani tangu alfajiri.

Alikuwa amekuja kumharakisha Mejumaa. Msichana alikuwa amepiga magoti chini ya beseni, ovaroli imemlowa hadi kiunoni, akikaza nati huku mwenye nyumba akimwombea dua kwa sauti kubwa.

"Mejumaa, maliza upesi," Janet alisema. "Tuzo zaanza baada ya swala, nataka uwe umevaa vizuri."

"Tuzo zinanihusu nini mimi, mwalimu?"

Janet alijizuia asicheke. Ilikuwa siri. Mejumaa wa Bomba, kama wenzake walivyomwita, ndiye aliyechaguliwa mwanafunzi bora wa mwaka wa chuo kizima, na hakutakiwa kujua mpaka jina lake lisomwe. Lakini furaha ilikuwa ikimwasha Janet ulimini.

"Wewe maliza tu. Usije ukamwaibisha baba yako mbele za watu, na safari yote hiyo aliyosafiri."

Spana ikasimama. Msichana akatoa kichwa chini ya beseni, akamtazama mwalimu wake.

"Baba yangu?"

"Basi, nimeshasema mengi."

"Mwalimu, baba yangu alifariki nikiwa shule ya msingi. Nina mama tu. Na mama hajasafiri popote, yuko hapo Makadara auza viazi."

Maji yaliendelea kutiririka. Janet akarudi nyuma hatua moja.

"Ah," akasema. "Nimechanganya. Wewe endelea na kazi."

Akatoka nje, akavaa viatu vyake kinyume, akavivua, akavivaa tena.

*

Yote yalianzia kwenye mafunzo ya wafanyakazi, wiki iliyotangulia. Mkuu wa chuo, Bi Ruweida, alikuwa amechoka kusikia wazazi wakilalamika kwamba chuo hakiwajui ila siku ya balaa. Akamleta mkufunzi aitwaye Maxwell, kijana mpole mwenye sauti ya kulaza watoto, awafunze walimu na makarani namna ya kuzungumza na wazazi.

Wafanyakazi waliingia wakinung'unika, maana likizo yao ilikuwa imekatwa. Lakini siku ya kwanza tu Maxwell aliwauliza swali lililowanyamazisha: mzazi anapoiona namba ya chuo kwenye simu yake, moyo wake unafanya nini? Kila mtu pale alikuwa mzazi au mtoto wa mzazi. Kila mtu alijua.

Aliwafunza mambo mengi, mengine ya maana na mengine ya kujaza siku. Aliwapa mazoezi ya kuigiza, mmoja akawa mwalimu na mwingine mzazi aliyekasirika. Zamu ya Janet ilipofika, akapewa habari mbaya ya kumwambia mzazi. Janet alizunguka. Akamuuliza mzazi habari za nyumbani, habari za mvua, habari za mifugo, mpaka Nicodemus, mwalimu wa bomba aliyeigiza mzazi, akainua mikono na kusema, "Mwalimu, niambie tu kama mtoto amekufa!" Chumba kizima kikaangua kicheko. Janet naye alicheka, ingawa kicheko kile kilimuuma.

"Ukiwa na jambo zito," Maxwell akasema kwa upole wake, "litangulize. Sababu zitafuata zenyewe."

Siku ya mwisho akawataka wapige simu ya habari njema. Kila mmoja amtafute mzazi mmoja ampe habari nzuri ya mwanawe. Bi Ruweida akamwambia Janet aanze, tena afungulie spika wote wasikie, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa na habari kubwa kuliko zote: mzazi wa mwanafunzi bora alitakiwa kualikwa. Janet alitaka kukifuta kile kicheko. Kwa haraka akaandika "Mzazi Mejumaa" kwenye simu yake, akabonyeza jina la kwanza lililotokea.

Hakuona kwamba chini yake lilikuwapo la pili.

Chuoni walikuwa wawili. Mejumaa wa Bomba, na Mejumaa wa Jikoni, aliyesoma upishi. Huyu wa pili alikuwa msichana mcheshi, mzito wa vitabu, aliyerudia mtihani wa mwaka wa kwanza na kuupita kwa chupuchupu. Ni baba yake, Mzee Tsofa wa kule Mariakani, aliyeipokea simu.

"Huyu Mejumaa wangu?" mzee aliuliza, na chumba kizima kilimsikia. "Mwalimu, una hakika?"

"Nina hakika, baba. Ndiye bora kuliko wote. Njooni Jumamosi, lakini msimwambie. Tunataka ashtukizwe."

Upande wa pili ikasikika sauti ya mtu mzima akilia na kujaribu kuficha. Walimu wakapiga makofi. Beverly wa ofisi ya mapokezi akajifuta macho. Na Janet akaenda nyumbani siku hiyo akitembea kama aliyevaa viatu vipya.

*

Sasa alikuwa akikimbia kurudi chuoni, mkoba ukimpiga ubavuni. Mzee Tsofa alikuwa amempigia simu mapema kusema wako njiani, wamekodi gari, na kwamba malori yamewabana pale Makupa. "Lakini tutafika, mwalimu," alikuwa amesema. "Hata kwa miguu tutafika. Nimekuja na shangazi yake pia, ndiye aliyemlea."

Alimkuta Bi Ruweida uani akielekeza viti vipangwe vipi, na Nicodemus akifunga kamba ya turubai. Akawavuta pembeni, akawaeleza kwa pumzi moja.

Bi Ruweida alifumba macho kidogo. "Allahu akbar," akasema taratibu. "Na yule mtoto mwenyewe, wa jikoni, ajua?"

"Hajui kitu. Yuko kwenye pilau tangu asubuhi."

Nicodemus alikuwa mtu wa kutafuta njia ya mkato katika kila jambo, na mara nyingi aliipata. "Si kazi ngumu," alisema. "Tumpe naye tuzo. Tuseme ni tuzo ya nidhamu, au ya upishi. Cheti kingine kipo ofisini, najaza jina sasa hivi. Mzee atapiga picha, atarudi nyumbani amefurahi, na hapana atakayejua."

Ilikuwa rahisi hivyo. Janet alihisi mabega yake yakishuka. Aliweza kuona jinsi ambavyo yangekwenda: makofi, picha, vigelegele, na yeye akalala usiku ule bila aibu yoyote. Akamtazama Bi Ruweida.

"Mimi sitakuamulia," mkuu alisema. "Wewe ndiwe uliyezungumza na mzee. Ila fikiri, huyo msichana akipanda hapo mbele, wenzake wote wa jikoni watajua kwamba hakuna tuzo kama hiyo. Yeye mwenyewe atajua. Atamwambia nini babake wakifika nyumbani?"

Janet alimfikiria Mejumaa wa Jikoni amesimama jukwaani na cheti cha kuzibia aibu ya mtu mwingine, akitabasamu kwa wasiwasi asijue amefanya nini. Mabega yakapanda tena.

"Nitamwambia mzee ukweli," akasema. "Kabla hajamwona mwanawe."

"Hujui atakavyoupokea," Nicodemus alimwonya.

"Sijui, ndiyo."

Beverly akaja mbio kutoka langoni. "Mwalimu Janet, wageni wako wamefika! Na wamependeza, utadhani harusi!"

*

Mzee Tsofa alikuwa mrefu, mkavu, amevaa koti la bluu ambalo bila shaka lilinunuliwa akiwa na mwili zaidi. Kando yake alisimama mama mfupi wa mwili mpana, kichwa juu, amejitanda leso mpya zenye harufu ya duka. Nyuma yao dereva wa gari la kukodi alikuwa akipiga bodi teke ili mlango ufungike.

"Shikamoo, baba. Shikamoo, mama," Janet alisema.

"Marahaba, mwalimu. Huyu ni dada yangu, Nyevu. Ndiye shangazi niliyekwambia. Mejumaa yuko wapi? Hajatuona?"

"Karibuni mketi kwanza." Akawaongoza kwenye baraza ya ofisi, mahali palipo na kivuli na pasipo na watu. Wakaketi. Mdomoni mwa Janet maneno yalianza kujipanga yenyewe: mvua huko imenyesha, mifugo wazima, njiani hamkupata tabu. Akayameza yote.

"Baba, nilikosea," akasema. "Mwanafunzi bora si Mejumaa wako. Ni Mejumaa mwingine. Mimi nilipiga namba isiyo yake, nikakutoa kwako bure. Nisamehe."

Shangazi Nyevu ndiye aliyeinuka.

"Ati nini? Mmetutoa Mariakani kuja kutuchezea? Mtu amezunguka boma zima akitangaza! Jirani wote wajua! Huyu ndugu yangu amekaa kama mfiwa miaka, juzi ndiyo nimemwona akicheka, na wewe wamwambia nini?"

"Mama, una haki ya kukasirika. Kosa ni langu."

"Najua ni lako! Kama si lako ni la nani?"

"Nyevu, keti," mzee alisema. Halafu akamgeukia Janet, na sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Mwalimu. Mejumaa wangu amefukuzwa?"

"Hasha, baba."

"Ana kesi yoyote? Mgonjwa? Ana mimba?"

"Hana lolote. Yuko hapo nyuma jikoni, yeye na wenzake wanapikia wageni wote wa leo. Amefaulu mtihani wa muhula huu, si kwa alama za juu, lakini amefaulu. Watu wanampenda."

Mzee Tsofa alitoa pumzi ndefu, kama mtu anayetua gunia. Kisha akaanza kucheka. Alicheka polepole, akitikisa kichwa, mpaka koti likamteremka begani. Janet hakujua alie au acheke naye.

"Nilijua," mzee akasema. "Wallahi nilijua. Mejumaa wangu namjua mimi. Ana moyo, ana mikono, lakini wa kwanza? Chuo kizima? Tangu uniambie sikupata usingizi. Usiku nilikaa nikijiuliza, nibishane na mwalimu? Mwalimu akisema mwanao ni bora, wewe nani useme siye? Nikaogopa siku ya leo, mwalimu. Niliogopa nimwone amepanda mbele, halafu mtu aseme, shuka, si wewe. Hilo ndilo lililokuwa likinila."

"Kwa nini hukuniambia mimi?" dada yake alimkemea.

"Ningekwambiaje, na wewe ushanunua leso?"

Shangazi Nyevu naye, bila kutaka, pembe za mdomo zikamcheza.

Mzee akajifuta macho kwa kiganja. Alipozungumza tena, kicheko kilikuwa kimekwisha. "Kakake Mejumaa alisoma shule ya bweni. Shule ilinipigia simu mara moja tu, kuniambia nikachukue sanduku lake, ametoroka. Hatujamwona hadi leo. Kwa hivyo namba ya shule ikiita, mimi hufa kwanza ndipo nipokee. Wewe ulipoita na kusema mambo mazuri, hata kama yalikuwa ya mtu mwingine, nilisema kumbe simu hii yaweza kuleta na hili." Akalirudisha koti begani. "Na huyo Mejumaa mwingine, wazazi wake wamefika?"

Janet akamtazama. Tangu asubuhi alikuwa akifikiria aibu yake na machungu ya mzee huyu. Huyo mama wa Makadara hakumpitia akilini hata mara moja.

"Hakuna aliyemwambia," akasema.

"Basi wafanya nini hapa?"

*

Simu ya Bi Fadhiya, mama wa Mejumaa wa Bomba, iliita bila kupokewa. Janet akaita tuktuk langoni. Alipoingia, akaona tuktuk imeinama upande mmoja: Shangazi Nyevu alikuwa ameshakaa.

"Mama, si lazima..."

"Ni lazima. Safari hii nakwenda mwenyewe nihakikishe ni mamake kweli. Dereva, twende!"

Makadara ilikuwa imejaa kama ilivyo kila Jumamosi, watu wakinunua vitu vya chakula cha mchana na wengine wakila hapo hapo wamesimama. Walimpata Bi Fadhiya kwa kufuata harufu ya ukwaju na unga wa dengu. Alikuwa mwanamke mwembamba, buibui lake amelikunja kiunoni, akigeuza viazi karaini kwa kijiko cha matundu huku wateja wakimzunguka pande zote. Simu yake ilikuwa ikining'inia kwenye mfuko wa plastiki juu ya msumari, inaita, hakuna anayeisikia.

Janet alijipenyeza mbele. "Assalaam alaykum, Bi Fadhiya. Mimi ni Janet, mwalimu wa chuo cha..."

Kijiko kilianguka ndani ya karai, mafuta yakaruka. Uso wa yule mama ulikuwa umepoteza rangi.

"Mejumaa amefanyani?"

Janet alikiona kwa macho yake kile alichokuwa Maxwell akikizungumza. Akalitanguliza jambo lenyewe.

"Ni mwanafunzi bora wa mwaka. Wa chuo kizima. Leo apewa tuzo, na tunataka uwepo."

Bi Fadhiya alimkodolea macho. Wateja nao wakageuka.

"Mejumaa yupi?" akauliza.

"Muulize vizuri!" Shangazi Nyevu alimnong'oneza Janet, kwa mnong'ono uliosikika hadi ng'ambo ya barabara. "Muulize babake ni nani, muulize anasoma nini!"

"Mejumaa anayesoma ufundi wa bomba," Janet alisema. "Babake ni marehemu. Nimemwacha sasa hivi Ndia Kuu, chini ya beseni la watu, amelowa chapachapa."

"Ndiye," Bi Fadhiya alisema, na sauti ikamkatika. "Huyo ndiye. Hata hapa, mfereji wa jirani ukilia tu, yeye ashaingia chini." Akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio. Mteja mmoja akapaza sauti, "Hongera, mama!" na wengine wakaitikia. Lakini mara Bi Fadhiya akatazama karai, na beseni la viazi vilivyokwisha kuchovywa kwenye unga, na watu waliokuwa wakingoja, na furaha ikamtoka usoni.

"Siwezi kuja, mwalimu. Moto uko juu, unga nimeshauchanganya. Nikiviacha hivi vyote vyaharibika. Na nitazame, nanuka mafuta. Mwambie mwanangu nimefurahi. Nitamwona jioni."

"Mama, haingoji hadi jioni."

"Siwezi."

Shangazi Nyevu alikuwa akimtazama yule mama kwa muda. Alimtazama mikono iliyojaa unga, akatazama karai. Kisha akakunja mikono ya gauni lake.

"Niachie hilo karai."

"Wewe ni nani?"

"Mimi ni shangazi yake Mejumaa."

Bi Fadhiya akachanganyikiwa. "Mejumaa hana shangazi mimi nisiyemjua."

"Yule mwingine. Usijali, ni hadithi ndefu, mwalimu atakueleza njiani. Mimi nimekaanga mihogo Mariakani tangu huyu mwalimu hajazaliwa, sembuse viazi. Unga huu umetia chumvi kiasi gani? Haya. Sogea, vinaungua hivyo!"

Na kweli vilikuwa vinaungua. Shangazi akaokota kijiko kwa koleo, akaviopoa vyote mara moja, akavimwaga kwenye chujio bila kudondosha hata kimoja. Bi Fadhiya alitazama kazi ile kwa jicho la mtaalamu, na Janet akaona mwili wake ukilegea.

"Ukwaju uko kwenye chupa ile," akasema kwa sauti ndogo. "Pilipili usizidishe, wateja wana watoto."

"Nenda. Ngoja." Shangazi Nyevu akafungua leso yake ya mabegani, mpya kabisa, ambayo mkunjo wa dukani ulikuwa haujaisha. Akamtanda Bi Fadhiya juu ya buibui lenye madoa ya mafuta, akaivuta huku na huku mpaka ikakaa sawa. "Ilinunuliwa kwa ajili ya shughuli hii. Haiwezi kukaa huku ikikaanga viazi."

Bi Fadhiya akamshika mkono, akaubana. Dereva wa tuktuk ndiye aliyewakumbusha kwamba swala imekwisha.

*

Walifika ua umejaa. Wazee wa mtaa walikuwa safu ya mbele na kofia zao, wanafunzi wamepanda hadi kwenye ngazi, na Bi Ruweida akiivuta hotuba yake ipate urefu, akizungumzia historia ya jengo hata watu wakaanza kusinzia. Alipomwona Janet akiingia langoni ameshikana mkono na mama aliyejitanda leso mpya, akaikata sentensi katikati.

"Na sasa," akasema, "mwanafunzi bora wa mwaka. Mejumaa, wa ufundi wa bomba!"

Wale wa bomba walilipuka. Mejumaa alikuwa nyuma, bado na ovaroli mbichi, maana hakuupata wala hakuutafuta wasaa wa kubadilisha. Wenzake wakamsukuma mbele. Akawa anatembea huku akitazama chini kama anayetafuta kitu alichodondosha, mpaka aliposikia kigelegele kimoja chembamba kikipasua makofi yote, na akakitambua.

Akainua kichwa. "Mama?"

Hakufika jukwaani moja kwa moja. Alikwenda kwa mamake kwanza, akamkumbatia, na leso ya Shangazi Nyevu ikalowa. Bi Ruweida alingoja na cheti chake mkononi, kwa utulivu kabisa, kana kwamba ndivyo ilivyokuwa imepangwa.

Janet aliegemea ukuta. Nicodemus akaja kusimama kando yake, akipiga makofi hadi viganja vikawa vyekundu.

"Yule mzee je?" akauliza. "Amekwenda zake?"

Hapana. Mzee Tsofa alikuwa karibu na mlango wa jiko, akipiga makofi na yeye, mikono juu ya kichwa ili kila mtu aione. Mlango ukafunguka nyuma yake, akatoka msichana wa mashavu ya mviringo, aproni kifuani, mwiko mkononi, amekuja kuona kelele za nini. Akamwona babake. Mwiko ukabaki hewani.

"Baba! Umefuata nini huku? Kuna nini nyumbani?"

"Nyumbani hakuna kitu. Wote wazima."

"Basi chuo kimekuita? Nimefanya nini?"

"Hujafanya kitu," mzee alisema. Alimtazama mwanawe kutoka kitambaa cha kichwani hadi ndara za miguuni, kwa makini, kama anayehesabu viungo vyake vyote na kuvikuta vipo. "Mwalimu wako alinipigia simu. Akaniambia leo mwapikia watu. Nikasema nije nikuone."

Msichana hakuamini. Akamtafuta Janet kwa macho, akamwona, na Janet akaitikia kwa kichwa, kwa sababu katika maneno yale hapakuwa na uongo wa kukanusha.

"Umekuja kuniona tu?" Mejumaa wa Jikoni alisema.

"Na kula. Nimetoka Mariakani na kikombe cha chai tu."

Msichana akacheka. Akamshika babake mkono, akamwingiza jikoni kwa wenzake, na Janet akamsikia akisema kwa sauti ya kujidai, "Huyu ni babangu! Amekuja kuniona mimi!"

Baadaye, wageni walipokuwa wakigawiwa chakula, Janet alipita jikoni kuomba sahani ya kumpelekea Shangazi Nyevu kule Makadara. Alimkuta Mzee Tsofa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, koti ametundika msumarini, sahani ya pilau magotini. Mwanawe alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni, akingoja.

"Chumvi?" akauliza.

Mzee alitafuna bila haraka. "Chumvi sawa."

"Nyama imeiva?"

"Imeiva. Niongeze."

Janet aliichukua sahani yake, akaifunika kwa sahani nyingine, akatoka nayo ikiwa moto mikononi. Langoni alisimama kidogo apumue. Kisha akavuka barabara, akaanza kutembea kuelekea Makadara bila haraka yoyote.